Likizo Yetu na Godoro la Spesioza

Wenzangu wa kijiwe cha kahawa, na hasa wewe Mzee Kapama uliyecheka mpaka kikombe kikakuponyoka: ndiyo, tulikwenda likizo na godoro, na ndiyo, tumerudi na godoro lile lile. Wiki mbili sasa mnaniuliza ilikuwaje, na kila nikifungua mdomo mnanikatiza kwa vicheko. Nimeona niandike, maana karatasi haikatizwi. Someni mpaka mwisho ndipo mcheke, kama bado mtakuwa na hamu.

Mnanijua. Nilikuwa mwalimu mkuu hapa Urambo miaka mingi, na kazi niliyoiweza kuliko zote ni kupanga ratiba. Nilipostaafu nilimwahidi mke wangu, Mama Tatu, mapumziko ya kweli, ya kwenda taratibu na kushuka tunapopenda: Kigoma siku moja, Ujiji siku tatu, siku moja ya kuzurura soko la Mwanga, kisha boti ya kuelekea kaskazini kando ya ziwa. Nikapiga mistari kwa rula. Saa nne hadi saa sita: kukaa. Saa sita hadi saa saba: kula. Saa saba hadi saa tisa: kulala. Saa kumi: kutazama ziwa. Mama Tatu aliisoma ratiba ile kwa makini, akauliza kama kutakuwa na kengele.

Mzigo usiokuwa kwenye ratiba

Mnajua desturi yetu. Mtu akisikia unasafiri, unakuwa posta yake. Nilitegemea bahasha mbili tatu na labda kilo ya asali. Siku moja kabla ya safari akaja Spesioza, yule binti anayemletea Mama Tatu maharage kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga godoro la futi nne kwa sita, lenye maua yaliyopauka.

"Shikamoo Mwalimu. Nimesikia mnafika ziwani."

"Marahaba. Tunakwenda kupumzika," nikasema, nikiwa nimeshaanza kuingiwa na wasiwasi.

Akaeleza kwa utulivu. Vita vya huko kwao kwa Warundi vilikuwa vimewamwaga watu upya, na mfanyabiashara mmoja wa dagaa alimletea habari kwamba mama yake, Yozefina, amevuka na yuko Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya mpaka. Anatandika kitenge juu ya mawe ya ufukweni, na mgongo wake ni mbovu. Spesioza alimwona mama yake mara ya mwisho akiwa na miaka sita, alipovushwa na shangazi yake katika ukimbizi ule wa zamani. Yeye mwenyewe hawezi kwenda mbali zaidi ya Urambo bila kibali. Ameomba, ameambiwa asubiri.

"Na walioko Kagunga wanapandishwa meli, wanapelekwa kambini," akasema. "Mama hajui hata kama mimi niko hai. Akishachanganyika na watu kule, nitamuulizia wapi?"

Nilimhurumia, lakini mimi ni mtu wa mipango. Nikamshauri tuliache godoro, tukanunue jipya kulekule Mwanga. Akatikisa kichwa. "Hapana, Mwalimu. Hili."

Nikaanza kufafanua kwamba godoro si mzigo wa likizo. "Tutalibeba," akasema Mama Tatu, na kikao kikafungwa.

Urambo hadi Kigoma kwa treni

Godoro lilipandishwa kupitia dirishani, likashuka juu ya mfanyabiashara wa chumvi wa Uvinza aliyekuwa amejinyoosha daraja la pili akijua amepata behewa la amani. Alilitazama, akatutazama.

"Poleni na kuhama, Mzee."

"Hatuhami. Tunakwenda kupumzika."

Alifikiri kidogo. "Kupumzika," akasema taratibu. "Na mmekuja nalo kabisa."

Akahamia kitanda cha juu, na toka hapo akawa ananijibu kwa upole ule anaopewa mgonjwa.

Kabla ya kufika Uvinza injini ilizimika. Saa moja, mbili, nne. Watu wakashuka, wakakoka moto, wakaanza kuchoma mihogo. Mama Tatu aliamuru godoro literemshwe, akalitandaza kivulini, na ndani ya dakika tano wanawake wawili wenye vichanga, bibi mmoja mwenye baridi yabisi na yule bwana wa chumvi walikuwa juu yake. Nilitazama saa yangu nikakuta ni kipindi cha kulala. Nikajibana pembeni. Kwa haki kabisa, katika treni nzima mimi peke yangu ndiye niliyekuwa ninakwenda na wakati.

Kigoma mjini, tunapokelewa vizuri mno

Stesheni ya Kigoma iko jirani na bandari, na siku tuliyofika kulikuwa na watu waliokuwa wameteremshwa kutoka ziwani, wamepangwa mistari, na mabunda vichwani. Sisi tukatokea upande ule, mimi kichwa cha godoro, Mama Tatu miguu ya godoro. Mama mmoja mwenye kizibao cha rangi akatukimbilia.

"Amahoro! Muvuye he?"

Nilielewa kwamba anauliza tumetoka wapi. "Tumetoka Urambo," nikamjibu kwa Kiswahili changu cha darasani.

Alimgeukia mwenzake. "Huyu Kiswahili anakijua sana. Atakuwa alikuwa mwalimu huko kwao."

"Ndiyo, nilikuwa mwalimu," nikasema, nikifurahi kutambuliwa.

Basi tukawekwa kwenye mstari. Sasa, mstari wenyewe ulikuwa umepinda, na mimi mstari uliopinda siuvumilii. Nikaanza kuwanyoosha watu, wafupi mbele, warefu nyuma, na mabwana waliokuwa wakisimamia wakafurahi sana kupata mkimbizi mwenye nidhamu. Nilidhani ni utaratibu wa mji wa kupokea wageni. Tulipewa biskuti, mche wa sabuni na blanketi. Nilimwambia Mama Tatu kwamba Kigoma wamestaarabika. Yeye alikuwa ameuma ncha ya khanga, mabega yanamtikisika.

Nilipoulizwa nina watu wangapi niliowapoteza njiani, ndipo nikaelewa. Nikarudisha blanketi na sabuni kwa mikono miwili. Biskuti nilikuwa nimeshazila. Bibi aliyesimama nyuma yangu, miguu imepasuka, aliniambia pole, kana kwamba mimi ndiye nimefukuzwa mstarini. Niliona aibu ambayo sikuitegemea.

Buzebazeba, na siku moja Ujiji

Nyumba ya wageni niliyokuwa nimeelekezwa iko mtaa wa Buzebazeba, na mwenyewe ni Bi Mwamvita, mama wa maneno makavu na mikono mizito. Alitupokea kwa bashasha mpaka macho yake yalipofika kwenye godoro.

"Magodoro yangu yana kasoro gani?"

"Hayana, Bi Mwamvita. Hili ni la..."

"Nani kawaambia nina kunguni?"

Hakungoja. Alibeba magodoro ya vyumba vyote sita, akayaanika mbele ya nyumba, akaita majirani waje wakague mishono. Wakaja. Wakakagua. Mzee mmoja alivaa miwani kabisa. Hawakupata kunguni hata mmoja, na mimi nikaombwa kusema hivyo kwa sauti, nimesimama barabarani. Mama Tatu alipompata pembeni na kumweleza godoro ni la nani na linakwenda kwa nani, Bi Mwamvita akaingia jikoni.

Alichotoka nacho sitakisahau. Migebuka, samaki wa ziwa lile, iliyokaangwa ikaungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo uliovutika kila ukimega. Nilikula mpaka nikafungua kifungo cha suruali. Mawese yalinidondokea kwenye shati langu jeupe la likizo, na doa bado lipo, mnaweza kuja kulitazama.

Tukiwa tunanawa, Bi Mwamvita akasema, "Lakini msikae. Meli inakwenda tena Kagunga. Wanasema kesho kutwa."

Mama Tatu akanitazama. "Twende kesho alfajiri, Baba Tatu."

Hapa naandika jambo linalonichoma. Nilitoa ratiba. Nikasema kesho ni siku ya Ujiji, ya kukaa ufukweni, tulikubaliana kwenda polepole, na boti za kesho kutwa zipo vilevile. Mama Tatu hakubishana. Mnaoishi na wake zenu miaka thelathini mnajua kwamba hilo ndilo baya zaidi.

Kesho yake nilikaa ufukweni Ujiji kuanzia saa nne kamili. Maji yalikuwa mazuri, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, na mimi nilikuwa sioni kitu. Mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa mchangani alinipita mara tatu, mwisho akasimama.

"Mzee, unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu. Napumzika."

"Unaumwa wapi?"

Nikamwambia siumwi. Akaniachia maji ya kunywa, akaenda. Nilijaribu kukaa mpaka saa sita kama nilivyopanga, nikashindwa kufika hata saa tano. Nilikuwa namwona bibi nisiyemjua amelala juu ya mawe, na mimi nimekaa kwenye kigoda nikimchelewesha. Nilirudi Buzebazeba karibu mbio, nikamkuta Mama Tatu ameshafunga mizigo yote na kuikalia.

Kibirizi hadi Kagunga kwa boti

Boti za vijiji vya kaskazini zinaondokea Kibirizi, na mchana uleule tuliiwahi moja. Ni za mbao, ndefu, zina injini nyuma, na hubeba soda, sukari, mabati, mbuzi na watu kwa mpangilio huohuo wa umuhimu. Nahodha alitusaidia kulifunga godoro lisilowe. Alilikunja kwa urefu, akalizungushia turubai, akalibana kamba tatu: juu, katikati, chini. Likalazwa katikati ya boti, refu kama mimi.

Mama aliyekaa mbele yetu, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Mama Evelina, Mrundi aliyeolewa Kagunga zamani, alishusha kitenge kichwani.

"Poleni sana, Mama."

"Tumeshapoa," akajibu Mama Tatu, akidhani anapewa pole ya safari.

"Mnapeleka wapi?"

"Kagunga. Kwa mama yake Spesioza."

"Mama mwenyewe anajua?"

"Hajui masikini. Ndiyo tunakwenda kumwambia."

Mama Evelina akafuta macho. Akawanong'oneza waliokuwa jirani, nao wakawanong'oneza wengine, na boti yote ikanyamaza. Wanaume wakavua kofia. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisani, wengine wakapokea kwa sauti tatu, na ulikuwa wimbo wa kupendeza wenye beti nyingi. Mimi na Mama Tatu, Waislamu wa watu, tuliinamisha vichwa kwa heshima. Nikasema moyoni watu wa ziwa hili wana dini.

Baada ya mwendo mrefu mawimbi yakaanza, magoti yakaniuma, na nafasi ya kukaa ilikuwa moja tu. Nikajishusha juu ya godoro, nikanesa kidogo nipate pazuri.

Sijawahi kusikia ukelele kama ule. Nahodha alizima injini. Mwanamume mmoja alinikamata shingo akaninyanyua, akiniuliza kama nina akili. Mama Evelina alikuwa anapiga ishara ya msalaba bila kupumzika. Ilibidi Mama Tatu afungue kamba ya juu, afunue turubai, na awaonyeshe sifongo. Waliitazama. Kisha nahodha akaanza kucheka, na kicheko hicho kilitufikisha Kagunga. Kila kijiji tulichosimama kushusha mizigo, watu wa nchi kavu walipewa hadithi yote, na mimi nikaombwa kusimama wanione.

Kagunga

Vicheko viliisha tulipouona ufukwe. Sijui niwaambieje. Kutoka majini mpaka kwenye mlima, watu. Moshi wa majiko ya mawe matatu, vitenge vimetundikwa kwenye fito, watu wamelala juani. Meli ilikuwa imetia nanga mbali kidogo, na mitumbwi inawapeleka watu huko kwa mafungu. Meli ilikuwa imefika siku moja kabla ya ile tuliyoambiwa. Kama ningefuata ratiba mpaka mwisho, tungekuta mawe matupu.

Nikafanya lile analolijua mwalimu. Nilipanda juu ya jiwe, nikatoa karatasi mfukoni ili nionekane mtu wa maana, nikaita kwa sauti ya paredi: "Yozefina!"

Waliitika kumi na kitu. Kisha nyuma yao wakaja wengine ambao si akina Yozefina, wakaja mbio, wakanizunguka. "Mzee, niandike." "Sisi watano, Mzee." Mwanamume mmoja alikuwa amemshika mkewe aliyevimba miguu, akaniomba niwaweke juu kabisa. Walidhani nina orodha ya meli. Mkononi mwangu karatasi ilikuwa imeandikwa saa kumi, kutazama ziwa.

"Mimi si mtu wa meli," nikasema. "Nisameheni. Nimekosea."

Hawakunitukana. Walirudi walikotoka, taratibu, na afadhali wangenitukana.

Mama Evelina akanivuta mkono. "Mwalimu, hapa hatuiti majina. Majina ya ubatizo ni yaleyale. Watu wamekaa kwa vilima vyao walikotoka; kwetu kilima ndicho kijiji. Kilima chake ni kipi?"

Mimi sikujua. Sikuwa nimeuliza. Mama Tatu alijua: Nyarubanga. Mama Evelina akaanza kuuliza kilima, si mtu, na kila aliyeulizwa alielekeza kidole upande huohuo. Watu wa Nyarubanga hawakuwa wamekaa tena. Walikuwa mstarini, karibu na maji, na Yozefina wao, walituonyesha, alikuwa wa sita kutoka mbele, kikongwe mfupi aliyejishika kiuno.

Nikataka kusema palepale. Akanishika mikono juu ya viwiko, kama wanavyosalimiana wao, akaanza. Amahoro. Nyumbani hawajambo? Huyu ndiye mke? Watoto? Mvua imenyesha huko kwenu? Maharage yamekubali? Mstari unasogea. Wa tano akapanda mtumbwini. Nikafungua mdomo, Mama Evelina akanifinya.

"Mwache amalize, Mwalimu. Usipomjibu yote hatakusikia."

Nikajibu yote. Nilieleza mpaka habari za mbuzi wetu. Ndipo akaniachia mikono na kuuliza tumekuja kwa lipi.

"Tumetumwa na Spesioza," akasema Mama Tatu.

"Spesioza wa nani?"

"Wako, Bibi. Aliyevushwa na shangazi yake."

Alitutazama mmoja mmoja. "Ni muzima?"

"Mzima. Ana watoto wanne. Analima maharage Ulyankulu. Amekuletea hili ulalie."

Alikaa chini juu ya mawe, pale pale mstarini. Hakulia. Alikuwa anarudia "wanne" kwa sauti ndogo. Mama Tatu ndiye aliyelia, na mimi nilijifanya nalegeza kamba.

Msimamizi wa mitumbwi alifika, kijasho kinamtoka. "Bibi, zamu yako. Mzigo mkubwa hapana. Kifurushi tu."

Nilimjia juu kwa sauti niliyowafokea wanafunzi miaka yote ile. Alinisikiliza mpaka nikaisha. "Mzee, hilo godoro ni nafasi ya watu wawili," akasema. "Nimwache nani?" Nilitazama mstari nyuma yangu.

Yozefina akauliza tunazozania nini. Alipoelezwa, akasema, "Basi lifungueni kwanza."

Tukalifungua juu ya mawe. Akavua ndala, akapanda, akajilaza. Akasogea kidogo kushoto, akapapasa kwa mkono, akasogea tena, mpaka akaingia kwenye bonde ambalo mtu mwingine alikuwa amelichimba kwa kulala miaka na miaka.

"Hapa ndipo analala," akasema. Akapima kina chake kwa kiganja. "Amenenepa!"

Akacheka, na Nyarubanga yote ikacheka naye, wengine machozi yanawatoka. Msimamizi alitazama saa yake, kisha akatazama ziwa, akamwacha. Bibi yule alilala pale amefumba macho, na mstari mzima ukamngojea bila mtu kulalamika.

Alipoamka alivaa ndala zake, akatuambia, "Mrudishieni. Huyo sasa hivi analala chini." Mimi niliyeambiwa "hili" nikaacha kuuliza maana yake, ndipo nikaelewa ni kitanda cha nani tulichokuwa tumekibeba. Mama Tatu akaandika jina la Spesioza na mahali alipo kwenye kipande cha kitambaa, akakishona haraka kwenye pindo la kitenge cha bibi. Wakampandisha mtumbwini. Alitupungia mkono mara moja, kisha akageuka kuwaeleza wenzake, na tulimwona akionyesha vidole vinne.

Kurudi

Njia ya kurudi tulisindikizwa na utani uleule, na Bi Mwamvita hakuanika godoro hata moja. Sikuifungua ratiba tena.

Spesioza alikuja siku ya pili tangu turudi. Aliliona godoro limeegemezwa ukutani, akasimama getini, na nikajua anafikiria nini. Nikamwambia upesi: tumemwona, amejua uko hai, anajua idadi ya watoto wako, ameipanda meli salama, na kilichomo kwenye pindo lake kitakusaidia kumpata kambini. Nikamweleza alivyojilaza, na alivyosema umenenepa. Niliongea sana. Yeye alikuwa anamtazama Mama Tatu.

"Kichwa alikiweka upande gani?" akauliza.

Mama Tatu akamwonyesha. Spesioza akalilaza godoro pale uani, mchana kweupe, akajinyoosha juu yake na viatu vyake, kichwa upande ule. Mama Tatu akashika kazi ya kufukuza kuku wasimsumbue.